Hesabu ya gari la robo maili kwa mtu wa Tanga

Anayetaka kuingia mbio za robo maili, ambamo magari mawili hushindana kwenye njia iliyonyooka, huanza kwa kuulizia bei ya injini. Aulize kwanza hili: raundi moja itanigharimu shilingi ngapi? Robo maili ni mita 402. Gari la kawaida la mtaani linazimaliza kwa sekunde 15 au 16, na kwa siku nzima ya mashindano huenda ukakimbia raundi sita tu. Kila shilingi uliyotoa inagawanywa kwa raundi hizo chache.

Chukua daftari, andika kwanza gharama ambazo utazilipa hata gari lisipokimbia. Tuseme mashindano yako Dar es Salaam. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 350. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litataka lita 70 kwenda na kurudi. Kwa bei ya mfano ya 3,000 kwa lita, hiyo ni 210,000. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Tanga ina bei yake, kwa hiyo rekebisha hesabu kila inapobadilika. Weka kiingilio 100,000, malazi na chakula 90,000. Umeshatumia 400,000 kabla hujafika kwenye mstari. Ukikimbia raundi sita, kila raundi imebeba karibu 66,700. Gari likikufia baada ya raundi ya pili, kila raundi imekuwa 200,000, na hapo hujalipa lori la kulirudisha. Ndiyo maana pesa ya kwanza iende kwenye kulifanya gari lisife. Hosipawa zitafuata.

Halafu andika vinavyolika. Petroli ya mbio zenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: injini ya hosipawa 160 ikikanyagwa hadi mwisho hunywa kama lita 45 kwa saa, yaani lita 0.2 kwa sekunde 16. Hata ukihesabu foleni na kurudi, lita moja kwa raundi inatosha. Kinachomaliza watu ni klachi. Seti na ufundi vikifika 430,000, na ikakuvumilia kuondoka mara 60, kila unapoachia pedali umetoa kama 7,200. Ukiikalisha nusu huku injini inalia, utasikia harufu ya karatasi inayoungua. Raundi mbili baadaye mshale wa mizunguko unapanda na gari haliongezi mwendo. Hapo sahani ya klachi imekwisha, na ukiendelea utaharibu na gurudumu la injini ambalo sahani hiyo hukandamizwa juu yake.

Kwa anayeanza, gari la otomatiki linatunza pesa zaidi. Toyota Mark II GX110 yenye injini ya 1G-FE inatosha kabisa: inasukuma kwa nyuma, spea zake zinapatikana Ilala, na kila raundi inaondoka vilevile. Adui yake ni joto la gia boksi. Usishike breki na mafuta pamoja zaidi ya sekunde tano, na acha gari lipumue dakika 20 kabla ya raundi nyingine, boneti ikiwa wazi. Oili ya gia boksi ichungulie kwenye kijiti: ikiwa nyekundu endelea, ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, imwage kabla ya safari.

Kuondoka vilevile kuna thamani kwa sababu mbio nyingi za ridhaa, hasa Marekani, zinaendeshwa kwa muda wa kutaja. Kila dereva anataja muda ambao gari lake litatumia. Ukitaja 16.20 na mwenzako 14.70, wewe unaachiwa sekunde 1.5 mbele. Ukikimbia haraka kuliko ulivyotaja, umepoteza. Ukiondoka taa ikiwa nyekundu, umepoteza. Gari la bei nafuu linalorudia 16.2 kila raundi linalishinda la ghali ambalo leo ni 13.1 na kesho 13.6. Kwa hiyo andika kila raundi: muda, saa, joto la hewa, upepo wa matairi, petroli iliyomo.

Kuna maboresho yasiyotaka pesa. Toa tairi la akiba, jeki na vitu vya buti. Kila kilo 45 zikipungua, sekunde 0.1 au zaidi kidogo imeondoka. Lita 30 za petroli ni kilo 22, basi ingia na robo tangi. Matairi ya nyuma yashushe upepo kutoka psi 32 hadi 26, jaribu, kisha ongeza au punguza moja moja. Mita 18 za mwanzo ndizo zenye faida: ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde hapo, mwisho wa njia utaokoa karibu mara mbili yake.

Mwambao una lake. Chumvi ya bahari inakula viungo vya umeme. Fungua waya wa hasi pale unaposhikana na bodi: ukikuta unga wa kijani, gari litakata moto likikanyagwa hata kama linawaka vizuri asubuhi. Piga msasa hadi shaba ing'ae, funga, paka grisi. Nati za rimu kaza kwa spana ya torki, 103 Nm kwa Toyota nyingi ndogo, kisha zipime tena baada ya raundi ya kwanza.

Faida ya Tanga ni hewa nzito ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,800, hivyo hosipawa 160 zinabaki kama 131 na muda unaongezeka kama sekunde moja. Usitaje huko muda wa pwani.

Mazoezi ya barabarani, iwe ya Pangani au ya Horohoro, yaache kabisa: kuna watoto, baiskeli na bodaboda zisizo na taa. Bima kubwa nayo kwa kawaida haigusi ajali ya mashindano. Kimbia panaposimamiwa, kwa kibali cha chama cha magari cha Tanzania (AAT). Helmeti nunua kabla ya chujio la hewa la mashindano. Kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani, zinailazimisha kwa gari linalokwenda sekunde 13.99 au pungufu, lakini ivae hata kwa 16.

Mwisho, weka bahasha moja isiyoguswa: nauli ya lori la kulirudisha gari Tanga likifa. Kama bahasha hiyo haijajaa, usijiandikishe.