Somo: Joto lako la kawaida lijue ukiwa bado mzima

Wengi wetu hapa Mwanza tunakumbuka themomita mtu akishaanza kutetemeka. Ikisoma 37.2, nyumba nzima inasema malaria. Ile 37 tunayoiita joto la kawaida aliitangaza daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, mwaka 1868, nayo ni wastani tu. Mmoja huamka na 36.1, jirani yake 36.9, wote wazima.

1. Nunua themomita ya dijiti duka la dawa. Ya zebaki achana nayo, ikivunjika ni balaa.

2. Tulia kama nusu saa kwanza. Ukipima pale tu unapomaliza kupanda mawe ya Igogo na ndoo kichwani, unapima mlima.

3. Futa jasho kwapani, ncha iguse ngozi, bana mkono mpaka ilie. Usihamehame: kwapa husoma chini kuliko mdomo, mara nyingi kwa karibu nusu nyuzi.

4. Pima alfajiri kabla ya kuinuka, na jioni kwenye saa kumi na moja. Jioni huwa juu, hata kwa nusu nyuzi. Andika wiki nzima.

MASWALI

Mkuu, navua dagaa usiku, nalala mchana. Nipime lini?
– Ukiamka, na kabla ya kuingia ziwani. Namba zako zitayumba zaidi, maana saa ya mwili haigeuki upesi, na mbalamwezi ikiwaka hamvui, mnarudi kulala usiku.

Langu hupanda kidogo kila mwezi, wiki mbili hivi, kisha linashuka. Ni taifodi?
– Hapana dada, kama huna dalili nyingine. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 mpaka karibu na hedhi.

Kwa hiyo homa inaanzia ngapi?
– Kwapani, 37.5 kwenda juu. Hapo kapime malaria. Usimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Mtoto mchanga mkimbize hospitali, usingoje.

Bibi yetu ana miaka 80, amelegea, hali chakula, lakini themomita inasema 37.3.
– Kawaida yake ni ngapi?

36 kamili.
– Basi amepanda kwa zaidi ya nyuzi moja. Wazee wengi joto lao liko chini, na hata wakiugua sana linaweza lisifike 38. Mpelekeni leo.

Na kama tusingekuwa tumempima akiwa mzima?
– Mngempeleka vilevile. Mzee aliyeacha kula ghafla hangojewi themomita.