Namna ya kuchagua kifaa cha njia ya hewa kabla ya nusukaputi

Anayetoa nusukaputi kisiwani Lamu hufanya kazi akijua kwamba msaada mkubwa uko ng'ambo, kwa boti hadi Mokowe na kisha safari ndefu ya barabara. Ndiyo maana kifaa cha njia ya hewa, yaani kile kinachomwezesha mgonjwa kupumua akiwa amelazwa kwa dawa, huchaguliwa mgonjwa akiwa angali macho na anazungumza.

Anza na tumbo. Mrija unaopita zoloto (kisanduku cha sauti kooni) hadi koo la pumzi, ukiwa na puto lililojazwa hewa, ndio unaokinga mapafu vizuri zaidi dhidi ya matapishi. Barakoa ya zoloto, inayokaa juu ya zoloto bila kuipita, aliyoibuni daktari Mwingereza Archie Brain mwaka 1981, huwekwa kwa urahisi na huchubua koo kidogo, lakini haizibi njia hiyo kikamilifu, kwa hiyo humfaa mgonjwa ambaye tumbo lake ni tupu. Kwa kawaida ziwe zimepita saa 6 tangu chakula kigumu na saa 2 tangu maji. Mwezi wa Ramadhani swali hili lahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mgonjwa akisema, "Nimefunga, mwanangu," hajasema kwamba tumbo ni tupu. Muulize, "Daku ulikula saa ngapi, mama?" Aliyekula wali saa kumi na nusu alfajiri, ikifika saa tatu asubuhi hajatimiza hata saa 5. Mwenye mimba kubwa, aliyeziba utumbo na majeruhi wa ajali wahesabiwe kuwa wameshiba, hata wakiapa kwamba hawajala, nao watiwe mrija.

Kisha mketishe mgonjwa, afungue kinywa na kutoa ulimi bila kutoa sauti. Ukiona kimio chote, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ni dalili njema. Ukiona kaakaa gumu tu, jiandae kwa ugumu. Kipimo hiki cha Mallampati, cha mwaka 1985, hukosea kikitegemewa peke yake, hivyo angalia pia kama vidole 3 vya mgonjwa vinapita kati ya meno yake, na kama kutoka kidevuni hadi kwenye kikoromeo, kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuma, kuna sentimita 6.5. Ndevu nyingi huficha kidevu kifupi na huvujisha hewa kwenye barakoa ya uso, basi zipapase kwa mkono. Mwanamke aliyejisitiri aombwe ruhusa nyuma ya pazia alegeze mtandio, kwani shingo isiyoonekana haijapimwa.

Kwa mrija, mwanamke mzima hutosheka na namba 7.0 au 7.5 (kipenyo cha ndani kwa milimita), mwanamume 7.5 au 8.0; kwa mtoto aliyepita miaka 2, gawa umri wake kwa 4 na uongeze 3.5 ikiwa mrija una puto. Barakoa ya zoloto huchaguliwa kwa uzani, na namba 4 humfaa wa kilo 50 hadi 70.

Kabla dawa haijaingia mshipani, mezani pawe na mrija mdogo kwa namba moja, barakoa ya zoloto hata kama umepanga mrija, mashine ya kufyonza iliyokwisha kuwashwa, na kisu cha kufungulia njia ya hewa shingoni iwapo vyote vimeshindikana. Mrija ukiingia, amini kipimo cha kaboni dayoksaidi kinachopanda na kushuka kwa kila pumzi. Kisipoonyesha kitu, uchukulie kuwa umo kwenye umio, yaani njia ya chakula, uutoe, na umpe mgonjwa oksijeni kwa barakoa ya uso.