Kabati la Vifaa au Nafasi ya Kazi: Jinsi ya Kuigawa Gereji Ndogo

Gereji za Kampala, ziwe za Ndeeba, Katwe au za kando ya barabara iendayo Jinja, zina shida moja: uwanja mdogo, magari mengi. Pesa kidogo ikipatikana, swali hurudi lile lile. Linunuliwe kabati jingine la vifaa, au sakafu iachwe wazi? Kwa gereji isiyofikisha nafasi za magari manne, msimamo wetu ni kwamba sakafu ndiyo inayoingiza pesa. Ipimwe na kulindwa kwanza, kisha vifaa vitafutiwe mahali ukutani au juu ya magurudumu. Zipo hata hivyo gereji ambazo kweli zimepungukiwa na uhifadhi, na hizo hujulikana kwa kuhesabu, si kwa kukisia.

Hesabu kwa wiki moja

Bandika karatasi ukutani kwa siku 6 za kazi, yenye safu mbili. Safu ya kwanza hupata mstari kila fundi anapoacha gari kwenda kutafuta kifaa kwa zaidi ya dakika 2, au anapoazima kwa jirani kitu ambacho gereji inacho ila hakionekani. Safu ya pili hupata mstari kila gari, injini, tairi au kompresa inaposogezwa ili kupisha kazi nyingine. Safu ya kwanza ikizidi kwa mbali, tengeneza uhifadhi. Ya pili ikizidi, usiongeze hata rafu moja sakafuni.

Pembeni mwa kila mstari wa safu ya pili andika jina la kitu kilichosogezwa. Mara nyingi si boksi la spana. Ni bampa lililovunjika, giaboksi ya gari lililokwisha kuondoka, tairi kuukuu, au gari lililofunguliwa mwezi uliopita ambalo mwenyewe bado anazunguka soko la Kisekka akitafuta spea. Hapo kabati halisaidii kitu. Kinachosaidia ni utaratibu: kila gari linalofunguliwa lipewe kreti moja yenye namba yake ya usajili, bolti zake zikae katika chupa za maji zilizokatwa shingo, na spea za zamani zipewe mwenye gari siku ile ile anapolipa. Gari linalosubiri spea lifungwe vya kutosha kusukumika, litolewe chini ya paa, likae uani. Kuliacha juu ya stendi, ile miguu ya chuma inayoshikilia gari lililoinuliwa, mahali pazuri pa kazi ni kuilipia kodi sehemu isiyozalisha.

Nafasi ya gari moja ni kiasi gani

Magari mengi ya Uganda yametoka Japani yakiwa yametumika, na sheria ya Japani kuhusu magari ya daraja dogo huyawekea kikomo cha urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. Toyota Premio, Noah za zamani na Hiace za kawaida zinazobeba abiria 14 zimo ndani ya vipimo hivyo. Ukipangilia kwa kikomo hicho, umeyatosheleza karibu yote yanayokuja mlangoni.

Sasa ongeza mtu. Mlango ukifunguka wote unataka kama sentimita 90, kwa hiyo pande mbili pamoja na gari ni mita 3.5. Mbele ya boneti acha mita 1.2 na nyuma sentimita 60, jumla mita 6.5. Huo ni mstatili wa mita za mraba 22.75. Uchore kwa chaki sakafuni, ingiza gari, fungua milango yote na boneti, kisha lala chini kama unayeshusha giaboksi. Miguu ikigonga benchi, mchoro haujatosha: upande mmoja uongezwe hadi mita 1.2.

Aina ya magari hubadilisha hesabu hii. Hiace na Noah za kwanza zina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo fundi huingilia ndani na kupitia chini. Nafasi ya mbele inaweza kupungua, ya milangoni isiguswe. Gari lenye injini mbele likihitaji kung'olewa injini, winchi ya magurudumu inataka si chini ya mita 2 mbele ya bampa. Gereji inayong'oa injini mara mbili kwa mwaka haina haja ya kuuweka uwanja huo wazi siku zote. Iweke hapo vitu vyenye magurudumu tu.

Baada ya mstatili wa gari, njia ya kupita iwe na sentimita 90. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kugawia kabati na benchi, na si vinginevyo. Anayeanza na kabati hujikuta akifanya kazi barabarani, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei ukifika, kazi husimama.

Kontena

Wengi hununua kontena la futi 20 kwa sababu ya wizi, na sababu hiyo ni ya haki. Lakini pima gharama yake kwa sakafu: kwa nje lina mita 6.06 kwa 2.44, yaani mita za mraba 14.8. Hiyo ni karibu theluthi mbili za nafasi ya gari moja. Kama ndani yake mtakuwa na spana tu na jeki mbili, mmefanya biashara mbaya. Sanduku la chuma la sentimita 60 kwa mita 1.2, lililofungwa kwa bolti sakafuni kwa upande wa ndani, lingelinda vitu vile vile.

Kontena hufaa likifanya kazi mbili. Mpangilio mzuri kuliko wote ni makontena mawili yanayotazamana, yakiachana mita 4.5, na paa la mabati juu yake. Katikati mnapata nafasi ya gari yenye kivuli bila kujenga kuta, na makontena yenyewe ndiyo nguzo. Paa litokeze nusu mita mbele na nyuma, maana kontena ni fupi kuliko ile mita 6.5.

Vifaa vigawanywe kwa matumizi

Kosa la kawaida ni kupanga kwa aina: spana zote pamoja, soketi zote pamoja. Panga kwa mara ngapi mkono unakifuata kitu. Magari ya Kijapani hutumia sana spana za namba (milimita) 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ni 21, za Subaru ni 19. Seti hiyo ya spana na soketi, pamoja na bisibisi, praya, nyundo na rachet (mpini wa kuzungushia soketi), ikae kwenye toroli inayolifuata gari. Namba 13, 15, 16 na 18 hutumika zaidi kwa magari ya Ulaya. Kama hayaji kwenu ila mara chache, zitundikwe ukutani.

Kundi la pili, la vitu vya kila wiki kama pula ya kung'olea beringi, spana ya kupimia mkazo na vipima umeme, liwe ukutani kati ya kiuno na macho. Kundi la tatu, vitu vya mara moja kwa mwezi, liende juu au ndani ya kontena. Kitu ambacho hakijashikwa kwa mwaka mzima kiuzwe.

Chora umbo la kila kifaa ubaoni kwa rangi. Jioni, kabla ya kufunga, macho yataona pengo kabla fundi hajaondoka, na kifaa kilichosahaulika ndani ya boneti ya mteja kitapatikana gari likiwa bado lipo.

Rafu ya ukutani isiyokula sakafu

Kina cha sentimita 30 kinatosha. Rafu ya sentimita 60 huficha vitu nyuma ya vitu, na mnarudi kwenye safu ile ya kwanza ya karatasi. Kwa rafu ya urefu wa mita 2.44, kimo cha mita 2 na ngazi nne, nunua plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18, na vyuma 6 vya pembe, vile madukani huitwa engo, vya 40 kwa 40 kwa 3 milimita, urefu wa mita 6 kila kimoja. Pima kila chuma dukani kabla ya kulipa. Kikiwa pungufu ya mita 6, hesabu hii huvurugika.

Vyuma viwili vikate vipande 6 vya mita 2: hizo ni nguzo, tatu mbele na tatu nyuma. Vinne vilivyobaki, kila kimoja kitoe vipande viwili vya mita 2.44, na mabaki ya mita 1.12 yatoe vipande vitatu vya sentimita 30. Mtapata reli 8 na vipande vya kukingama 12, sawasawa na ngazi nne. Plaiwudi ikatwe kwa urefu iwe mbao nne za kama sentimita 30. Msumeno utakula milimita chache kila mkato, kwa hiyo gawanya upana uliobaki, usikate 30.5 kamili ukashangaa ubao wa mwisho kuwa mwembamba.

Chomelea fremu tatu zenye umbo la ngazi ya kupandia kwanza, kila moja ikiwa na nguzo mbili na vipande vinne vya kukingama, kwa vijiti vya milimita 2.5 na ampia 70 hadi 90. Umeme ukizidi hapo, chuma cha milimita 3 hutoboka. Reli zifungwe kwenye fremu kwa bolti za milimita 8, zisichomelewe. Gereji nyingi ziko kwenye kiwanja cha kukodi, na mwenye kiwanja akitaka ardhi yake, rafu ya bolti hupakiwa kwenye pikapu kwa saa moja. Paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, hasa chini ya nguzo, na weka kila nguzo juu ya kipande cha bamba ili isitoboe sakafu. Ubao usiguse udongo wala ukuta unaotoka unyevu: mchwa hawachelewi.

Rafu isimame kwa miguu yake, na ukuta uizuie tu isianguke. Matofali mengi ya kuchomwa ya hapa ni laini. Bolti ya kupanuka ikikazwa humegua tofali, na baada ya miezi michache hulegea. Toboa ukuta mzima, pitisha bolti ya milimita 10 sehemu mbili za juu, na upande wa pili weka bamba la sentimita 10 kwa 10 kabla ya nati. Vizito vikae chini. Na ikiwa rafu iko mbele ya boneti, hakikisha boneti iliyofunguliwa haiigongi. Boneti nyingi zikiinuliwa hufika karibu na kimo cha mtu.

Benchi na toroli

Benchi moja ya mita 1.8 kwa sentimita 60 inatosha mafundi watatu. Jiliwa, ambayo wengi huiita vaisi, ifungwe pembeni juu ya mguu wa benchi, si katikati ambapo kila pigo la nyundo hutikisa mbao. Mdomo wake uwe usawa wa kiwiko. Chini ya benchi pasiwe pa kutupia vitu. Sukuma jeki na stendi hapo, basi.

Toroli iwe ya sentimita 60 kwa 90, magurudumu ya milimita 100 au zaidi, mawili yenye breki. Magurudumu madogo hukwama kwenye ufa wa kwanza wa zege, fundi huchoka kuisukuma toroli, na baada ya wiki mbili inageuka kuwa kabati lisilosogea katikati ya sakafu.

Kama sakafu ni murram

Hapa pesa ya kabati isubiri. Juu ya murram, yaani udongo wa changarawe usiosakafiwa, toroli haitembei, nati ikianguka haipatikani, na stendi huzama upande mmoja gari likiwa juu ya mtu. Hadi zege lipatikane, kila stendi na jeki vikae juu ya bamba la chuma la sentimita 30 kwa 30.

Zege la nafasi moja, mita 3.5 kwa 6.5 na unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 2.3 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 andaa mifuko 15 ya simenti ya kilo 50, mchanga kama mita moja ya ujazo na kokoto kama mbili. Kwa malori unene uwe sentimita 15. Teremsha sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, maji ya mvua yasikae. Lilowekwe kwa siku 7. Gari lisipande kabla ya siku 14, na jeki zisubiri siku 28. Anayeharakisha hupata nyufa chini ya stendi, mahali pale pale panapobeba uzito wote.

Vitu visivyokaa pamoja

Nafasi ikibana, watu huanza kuchajia betri kwenye rafu ile ile yenye grenda. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua usoni mwa mtu. Pa kuchajia pawe penye hewa, mbali na pa kuchomelea. Petroli iliyotolewa kwenye tangi isilale ndani hata usiku mmoja; mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujaa ndani ya shimo la ukaguzi kama mnalo. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango wa kutokea, si nyuma ya magari. Oili chafu iende kwenye pipa lenye mfuniko nje ya mstatili wa kazi, na pipa hilo lisogee likijaa nusu. Likijaa kabisa lina lita 200 na hakuna atakayelinyanyua.

Baada ya mwezi, bandika karatasi ile tena kwa siku 6. Safu iliyokuwa ndefu ikiwa haijapungua, pitia rafu moja moja na uondoe vyenye vumbi kabla ya kufikiria kununua chochote.