Kabla hujaenda yadi kuchukua Legacy GT au Caldina ya turbo

Stesheni wagoni yenye turbo ni gari tamu, hilo halina mjadala. Unapakia familia, mabegi na gunia la machungwa ya Muheza nyuma, na ukifika njia ya Segera unapita lori kwa kukanyaga kidogo tu. Naongelea Subaru Legacy GT ile iliyoanza 2003, Levorg iliyokuja baadae, Toyota Caldina GT-Four, na kwa wenye mfuko mrefu zaidi zile Audi na BMW za boksi nyuma zinazotoka Uingereza. Ila gari za namna hii hali yake inategemea sana nani alikuwa anaiendesha, kuliko hata mwaka wa kutengenezwa, na yadini zote zinang'aa sawasawa. Kwahiyo kazi kubwa unaifanya kabla hujafika pale, maana ukishafika ukakaa kwenye siti na muuzaji akakuwashia akili inahama.

Anza na hela. Kama umejichanga milioni 20 usitafute gari ya milioni 20, mimi naona robo nzima ibaki benki na usimwambie dalali kama ipo. Hiyo ni ya mwezi wa kwanza: oili na filta zote, plagi, oili ya giaboksi na ya difu, brekipedi, pengine matairi manne, na kubwa kuliko yote taimingi belti. Injini ya Legacy GT ya kipindi kile na 3S-GTE ya Caldina zote zinatumia belti, na inabadilishwa kwenye kilomita laki moja hivi. Kama muuzaji hana risiti au stika ya kuonyesha lini ilibadilishwa, wewe hesabu haijabadilishwa, badilisha pamoja na pampu ya maji, maana belti ikikatika, hasa kwenye hiyo Subaru, valvu zinapiga pistoni na hapo unatafuta injini nyingine. Levorg yenyewe inatumia cheni, lakini giaboksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na kama oili yake haijawahi kuguswa ukasikia inalia ule mlio mwembamba unaopanda na mwendo, mimi ningeondoka.

Halafu kuna petroli. Gari hizi kule Japani zilitengenezewa petroli ya oktani ya juu, ile ya kwenye pampu zao ni 100, na hii yetu haifiki huko. Injini ina sensa inayosikia mgongano ndani ya silinda na kurudisha moto nyuma, kwahiyo gari itatembea, ila zile farasi 260 za Legacy otomatiki au 280 za manyuo usitegemee uzipate zote. Hatari inakuja pale ambapo mtu alishaichezea, akaongeza presha ya turbo na kubadilisha programu ya injini halafu anaweka petroli ya kawaida. Levorg ya 1.6 iliundiwa petroli ya kawaida, na kwa mtu wa kwenda kazini kila siku naona ndio chaguo la busara zaidi.

Bei ya yadi usiipokee hivihivi. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika mtandaoni, ingiza modeli, mwaka na injini uone ushuru wake. Forodha ni 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi 1000cc mpaka 2000cc ni 5% na ikizidi hapo ni 10%, na hizi EJ20, injini za Legacy GT, ni 1994cc kwahiyo ziko upande mzuri. Kinachoumiza ni uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 inaongezewa 15% na iliyozidi miaka 10 inaongezewa 30%. Ukijua hizo namba unajua muuzaji amesimama wapi, na unaelewa kwanini mtu mwingine anakushauri uchukue namba D, yaani iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini, badala ya kuagiza.

Makaratasi yaombe kwa WhatsApp kabla hujapanda bodaboda kwenda huko. Picha ya kadi pande zote mbili, namba ya chasisi, namba ya injini. Jina lililo kwenye kadi ndio liwe la anayekuuzia, au kuwe na mkataba unaoonyesha gari ilitokaje kwa huyo mpaka ikafika yadi, hapo pakiwa na "mwenyewe yuko safari" basi subiri mwenyewe arudi. Kwa namba ya gari hiyohiyo angalia faini za trafiki, maegesho ya TARURA na bima kwenye mfumo wa TIRA, ni kazi ya dakika chache kwenye simu, na utashangaa gari ya maonyesho inadaiwa tochi kuanzia Mkata mpaka Chalinze. Kama imetoka Japani karibuni omba karatasi ya mnada na ile hati ya kusafirishia, kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule zinaandikwa, linganisha na za kwenye dashibodi. Kwenye karatasi ya mnada gredi ya R au RA maana yake ilishagonga ikatengenezwa. Sio lazima uikatae, lakini bei ishuke na ujue iligonga wapi.

Kitu kimoja kwa wanaotafuta Legacy: chasisi ya BP5 wanayo wenye turbo na wasio na turbo. Boneti yenye pua inauzwa spea, beji ya GT inauzwa spea, kwahiyo usikubali kwa kuona pua. Angalia namba ya injini, ya turbo ni EJ20X au EJ20Y, na iwe hiyohiyo iliyoandikwa kwenye kadi.

Sasa siku ya kwenda. Nenda asubuhi, na mpigie muuzaji simu usiku wa kuamkia siku hiyo umwambie wazi gari isiwashwe mpaka ufike. Nenda na fundi anayezijua turbo, sio yule wa bajaji hata kama ni shemeji yako, mlipe hela yake. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, wameipasha kuficha kitu, na hapo uliza kwanini au rudi kesho. Ikiwa ya baridi fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake, ukikuta utando kama chai ya maziwa maji yameingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango, sugua oili kati ya vidole uone kama kuna vumbi la chuma linalometa, kwenye Subaru hizi beringi za ndani zikianza kuisha huwa linaanzia huko. Fungua rejeta ikiwa ya baridi, ndani kuwe na kulanti ya rangi safi, sio maji ya bomba yenye kutu.

Halafu mtu mwingine awashe wewe ukae nyuma kwenye sailensa. Moshi wa bluu ni oili inaungua, turbo au ringi. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto na unanukia utamu ni kulanti, gasketi hiyo. Mvuke kidogo wa asubuhi usikutishe, unaisha. Sikiliza mlio, kagongo kanakofuata mzunguko wa injini na hakaondoki ikipata moto usikubali kuambiwa "Subaru zote ziko hivyo". Fundi apime kompresheni silinda zote nne, zisipishane sana, na asome kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari mara mbili, kabla ya kuendesha na baada ya kurudi, maana kodi zilizofutwa asubuhi huwa zinarudi gari ikifanya kazi.

Kuendesha kwenyewe usizunguke Raskazone hapa Tanga mjini dakika tano ukaridhika, ile ni tambarare na upepo wa bahari, gari yoyote itakwenda vizuri. Kubaliana na yadi muende mpaka Muheza, mafuta weka wewe. Kama ni gari ya hela nyingi na muuzaji anaiamini, Mombo kwenda Lushoto ndio mtihani wenyewe, kilomita 30 na kitu za kupanda na kona, kama rejeta imechoka sindano ya joto itakuambia kabla hujafika Soni, na ukishuka brekipedi zinapata moto, usukani ukitetemeka diski zimepinda. Turbo iingie kwa kuvuta mfululizo, sio inavuta inakata inavuta. Usiende spidi ya kipuuzi, vijiji vyote vile ni 50 na watoto wanavuka. Ukirudi usizime, iache ikiunguruma palepale AC ikiwa inafanya kazi robo saa kwenye jua, uone feni zinaingia na joto halipandi.

Gari ikiwa bado ina moto tafuta uwanja wazi, kata usukani wote upande mmoja, zunguka taratibu, halafu upande mwingine. Gari ya kuvuta matairi yote manne ikiwa nzima inazunguka bila shida. Ukisikia inajikaza, inajivuta kama kuna brek imeshika, difu ya kati au klachi zake zimeumia, na mara nyingi sababu ni mtu aliyefunga matairi mawili mapya na mawili yaliyoisha. Ndio maana matairi nayaangalia kwa makini: manne yawe ya aina moja na yameisha sawa. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019, tairi la zamani linaweza kuwa na mistari mizuri tu lakini raba imekuwa ngumu na kwa gari ya spidi hilo ni hatari.

Isimame juu ya shimo au ipandishwe jeki uangalie chini yake. Gari zilizotoka kaskazini ya Japani na Uingereza zimetembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi msimu wa barafu, na sisi hapa tuna hewa ya bahari mwaka mzima, kutu ikishaanza kwenye fremu ya chini na matao ya matairi ya nyuma haisubiri. Rangi nyeusi mpya ya dawa iliyopakwa juu ya kila kitu huko chini ikwaruze kidogo uone inaficha nini.

Ukiridhika, bei ijadiliwe na orodha ya fundi mkononi, sio kwa kubembeleza. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria, uwe na namba za chasisi na injini na kilomita za siku hiyo, na kama yadi wanasema wanatoa garantii ya mwezi waiandike humo inagusa injini na giaboksi au la. Lipa kwa benki, dai risiti ya EFD, na uhamisho wa umiliki TRA uanze siku hiyohiyo kadi ikiwa mezani. Bima chukua ile kubwa, na kama gari ilishabadilishwa turbo, rimu au sailensa waambie kabla hawajaandika thamani, wasije wakakataa kukulipa kwa kitu ambacho hawakuambiwa.