Nyuki Wanapoganda Nje ya Mzinga Wakati wa Kaskazi

Mfugaji wa Pangani au Muheza anayekuta, jioni ya Februari, nyuki wamening'inia mlangoni mwa mzinga kama ndevu, asikimbilie kuwafukiza moshi. Mara nyingi ni joto tu, kwa kuwa majana, yaani watoto wa nyuki, huhitaji nyuzijoto 35 hivi, na nyuki wengi hutoka ili hewa ipite ndani. Vaa mavazi ya kinga, sogea kwa ubavuni, utazame: wakiwa wametulia, na wachache wakipiga mbawa pasipo kuruka huku vichwa vyao vikielekea mlangoni, wanapooza mzinga. Ezeka makuti juu yake, kisha weka karibu karai la maji lenye vifuu vinavyoelea, wapate pa kutua wasizame.

Ukiona wakikamatana miguu na kugaagaa chini, na wengine wakinusanusa kila ufa, huo ni uporaji wa asali, yaani nyuki wa mizinga mingine wanakuja kuiba, nao ndio unaonitia hofu zaidi, kwani kundi dhaifu huweza kuangamia upesi. Ziba nyufa, punguza mlango wapite nyuki wawili tu kwa wakati mmoja, na usiache sega wala tone la asali wazi.