Maneno ya hali ya hewa ya kujua kabla hujawasha gari huko ughaibuni

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha mlioko nje, hasa nyie mnaotoka alfajiri na gari kwenda shift, hili lisomeni kabla baridi halijaanza. Huku kwetu mwezi wa saba ukishuka kutoka Machame asubuhi, ukungu uwe mzito usione hata ng'ombe aliyesimama barabarani, uwe mwepesi, wote tunauita hivyohivyo tu. Huko watabiri wanausema "fog" pale macho yasipofika mita 1,000, ukiona zaidi ya hapo ni "mist". Na Uingereza taa za ukungu unawasha pale huoni mbali, kama chini ya mita 100 hivi, ukishaanza kuona vizuri zima, usipozima ni kosa kisheria na unamuumiza macho wa nyuma. "Haze" yenyewe ni vumbi au moshi, ile inayotuficha mlima kiangazi.

"Hail" mnaijua, ni mvua ya mawe, inakuja na wingu la radi hata kipindi cha joto. "Sleet" ndo inategemea uko wapi, Uingereza ni mvua iliyochanganyika na theluji, Marekani ni punje za barafu zinazodunda kwenye kioo cha gari.

Ila ya kuogopa kwelikweli ni "freezing rain" jamani. Ukiiangalia dirishani ni mvua kama mvua, kumbe ikigusa lami tu inaganda, inaacha utando wa barafu usiouona, wanauita "black ice" lakini weusi ni wa lami inayoonekana kwa chini, na kwenye madaraja ndo hatari zaidi maana baridi inapiga juu na chini. Ukisikia hilo neno kwenye taarifa usitoke, hata kama una matairi ya theluji.

Walioko Marekani, "tornado watch" maana yake mazingira ya kimbunga yapo, kaa macho. "Warning" ni kwamba kimeshaonekana au rada imekinasa, shuka besimenti (chumba cha chini ya ardhi) saa hiyohiyo.

Alafu "showers" sio manyunyu, inaweza kupiga kubwa ila ni ya kupita, manyunyu ni "drizzle". Na ukimwandikia bosi, "weather", "rain", "snow" na "hail" haziwekewi "a" mbele, andika tu "bad weather", au "there is freezing rain here", inatosha.