Si Kila "Mbunge" ni Mbunge Wako: Yaliyonipata Minnesota kwa Bahasha Moja

Fungueni barua za shule. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, maana barua moja niliyoitupa ilinila miezi mitano na kunitembeza kwenye milango ya wanasiasa ambao hata mmoja hakuwa na kosa.

Kijana wangu alifika huku Minnesota, jimbo la Marekani, Agosti 2024, ana miaka 15, katoka Kidato cha Pili kule Kenya. Kumsajili shule hakuna ugumu: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, mkataba wa nyumba au bili ya kuonyesha unakoishi, siku moja umemaliza. Katika lile rundo la fomu ipo moja ya lugha. Inauliza mtoto alianza kuongea lugha gani na nyumbani mnaongea lugha gani. Nikajaza kwa fahari: Kiswahili, Ekegusii, Kiingereza. Nani angejaza vingine?

Nisichokijua ni kwamba ukitaja pale lugha nyingine yoyote zaidi ya Kiingereza, shule haina hiari, lazima impime mtoto Kiingereza chake. Kijana akapimwa bado usingizi wa ndege haujamtoka, akiwasikiliza watu wanaoongea kama wana pipi mdomoni. Alama hazikutosha. Akaingizwa darasa la wanaojifunza Kiingereza, mtoto aliyesomeshwa hesabu, sayansi na historia kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Kipindi hicho kikakaa mahali pa kemia.

Sheria ya Minnesota inamlinda mzazi hapo, na vizuri tu. Ndani ya siku kumi shule inatakiwa ikupelekee barua kwa posta, kwa Kiingereza na kwa lugha yako, ikueleze mtoto amewekwa wapi na kwa nini, kwamba unaweza kwenda kulitazama darasa, kwamba unaweza kuomba kikao, na kwamba una haki ya kumtoa kwa kuandika. Barua hiyo ilikuja. Ilikuja Septemba ya mwaka wa uchaguzi.

Aliyekaa Marekani mwaka wa uchaguzi anajua sanduku la posta linavyofura. Kila siku karatasi nene zinazong'aa, mgombea huyu kashika mtoto, yule kasimama shambani mikono imekunjwa. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Narudi saa moja na nusu asubuhi, macho yanawaka, nachota lile furushi lote na kulipeleka moja kwa moja kwenye pipa la karatasi. Barua ya shule ilikwenda humo, imebanwa kati ya nyuso zinazotabasamu. Najua kwa sababu baadaye shule walinionyesha nakala yenye tarehe. Hawakunikosea. Bahasha ilikuwa na jina langu, na mimi nikaitupa.

Habari niliipata Novemba, siku ya wazazi kukutana na walimu. Nikauliza kemia anafundisha nani. Mwalimu akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema kijana hayumo.

Sasa Mkenya akionewa huenda kwa nani? Kwetu mlango unajulikana. Unakwenda ofisi ya mbunge, unakaa kwenye benchi, unaeleza shida ya karo, fomu ya basari ya NG-CDF (ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge) inatoka, ukiwa na bahati unamwona mheshimiwa mwenyewe akiingia na msafara. Mbunge ni baba wa yote: darasa, daraja, maji, matanga. Mazoea hayo ndiyo mtego wenyewe, na ndiyo maana naandika.

Wiki hizo hizo furaha ilikuwa imetujaa. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, alikuwa amechaguliwa kuingia Bunge la Minnesota. Vikundi vya WhatsApp viliwaka moto. Shemeji yangu akanipigia kutoka Nyamira saa nane usiku: "Si sasa mna mbunge wenu? Mwambie amtoe mtoto kwenye hilo darasa. Halafu umuulize na mambo ya visa ya Brayo." Shemeji nakupenda, lakini nisikilize, na wengine wote nyumbani msikilize. Huldah anawakilisha wilaya ya uchaguzi ya 38A, yaani sehemu ya Brooklyn Park na Osseo. Mimi naishi ng'ambo ya mto Mississippi. Nilicheza, nikala nyama ya sherehe, lakini mbunge wangu ni mtu mwingine kabisa ambaye siku hiyo hata jina lake silijui. Nusu ya waliocheza nami walikuwa kama mimi. Na mbunge wa jimbo, awe Mgusii au Mswidi, hagusi visa. Hana uwezo wa visa. Brayo atafute njia yake.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Niliingia mtandaoni nikatafuta "mwakilishi wangu", likatoka jina, nikaandika kurasa mbili za uchungu na kutuma. Huyo alikuwa mwakilishi wa Kongresi, wa Washington. Jibu likaja baada ya wiki nyingi, barua ya heshima iliyopigwa chapa vizuri, inanishukuru kwa kuandika na kunieleza kwamba mambo ya kumpanga mtoto darasani ni ya jimbo na ya wilaya ya shule. Yaani nimebisha hodi kwa jirani wa jirani.

Kwa hiyo wekeni hili kichwani. Huyo wa Washington ndiye wa kesi ya uhamiaji iliyokwama, pasipoti ya Marekani, malipo ya uzeeni ya serikali kuu. Wa jimbo, anayekaa St. Paul, mji mkuu wa Minnesota, ndiye wa sheria za elimu, fedha zinazokwenda shuleni, leseni za udereva, barabara za jimbo. Halafu kuna bodi ya shule, ambayo sisi hatuijui kabisa kwa sababu kwetu bodi ya shule ni wazee wanaokuja siku ya zawadi. Hapa inachaguliwa kwa kura, inapitisha bajeti, inaajiri msimamizi mkuu wa wilaya, na kikao chake kiko wazi. Unaweza kuingia, ukajiandikisha, ukasema. Mabasi, ratiba, mipaka ya shule, hayo ni ya bodi. Ukimpelekea mbunge habari ya basi atakusikiliza kwa upole, kisha atakuelekeza huko huko kwenye bodi.

Na kabla ya wote hao yupo mkuu wa shule. Hapo ndipo mimi niliruka.

Kupata mbunge wako ni dakika moja: tovuti ya Bunge la Minnesota, weka anwani ya nyumba, majina yanatoka. Usiulize jirani. Mipaka ilichorwa upya 2022 na inaweza kupita katikati ya mtaa. Kuna wabunge 134 na maseneta 67, kila wilaya ya seneta imegawanywa mbili, A na B. Ukigawanya watu wa jimbo, kila mbunge ana watu elfu arobaini na kitu. Ndiyo maana ukipiga simu kuna mtu anaipokea.

Nilipiga Januari 2025, na nilichagua Januari mbaya kuliko zote. Uchaguzi ulikuwa umewagawa wabunge 67 kwa 67, na wale wa DFL, ambacho ndicho chama cha Democratic cha huku, hawakuingia ukumbini mpaka Februari wakati wakigombania nani atashika usukani. Watu wazima, mishahara inaingia, wamesusiana kama wake wenza. Nilicheka peke yangu garini. Tunavyosemwa sisi kwa siasa za vurugu!

Lakini simu ilipokelewa. Si na mbunge, na msaidizi wake, sauti ya mama mtu mzima. Nikamwaga yote: darasa, kemia, Washington. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Mkuu wa shule amesemaje?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimeongea na mkuu wa shule. Miezi miwili nawatafuta wakubwa wa jimbo na wa taifa, na mtu mwenye ufunguo anakaa dakika tisa kutoka kwangu kwa gari.

Akanieleza kifungu cha sheria, akanisomea, akasema andika barua uombe kikao, na ukitaka kumtoa useme wazi kwa maandishi kwamba unamtoa. Niliandika mistari minne. Nikaipeleka mwenyewe, nikaomba wagonge mhuri wa tarehe kwenye nakala yangu (mambo ya nyumbani, karani alishangaa lakini aligonga). Wiki iliyofuata kijana alikuwa ametolewa. Ila kemia ilikuwa imeshakwenda nusu mwaka, ikabidi aisubiri mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo bei ya bahasha. Jueni pia kwamba ukimtoa mtoto, ule mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka ataendelea kuufanya mpaka aufaulu. Asije akakulaumu.

Wapo wanaoshauri, hasa pale kanisani baada ya ibada, "Andika Kiingereza tu kwenye ile fomu, mambo yaishe." Acheni. Kwanza ni uongo kwenye karatasi uliyotia sahihi. Pili, kuna mtoto anayelihitaji kweli lile darasa. Nimeona watoto waliotoka kambi za Kakuma na Nyarugusu, masomo yamekatika katika, na darasa lile limewashika mkono. Unayemshauri mama yake aandike uongo unamnyima mtoto mwalimu aliyelipiwa tayari.

Nimeshakaa huku miaka ya kutosha kuwasema Wamarekani kidogo. Wao wakikuandikia wamekuambia. Basi. Hakuna chifu wa kuita baraza, hakuna mwalimu wa kukuvuta mkono sokoni akunong'oneze kwamba mtoto wako ana shida. Na hawa wa Minnesota wana upole wao maarufu: wanatabasamu, wanakushikia mlango, wanakuuliza habari za baridi, na katika tabasamu lote hilo hakuna atakayekuambia umekosea. Yule msaidizi wa mbunge ndiye mtu wa kwanza kunipa swali lenye meno. Kwa hiyo kama hujaambiwa kitu, usidhani mambo ni mazuri. Katazame kwenye posta.

Mbunge wa jimbo ana kazi yake, na ni kubwa, ila si ile tunayoizoea. Shule ikikupuuza baada ya wewe kuandika, ofisi yake inaweza kupiga simu Idara ya Elimu ya jimbo, na hapo watu huamka. Na sheria yenyewe ikiwa mbovu, yeye ndiye wa kuibadilisha. Chakula cha asubuhi na cha mchana wanachokula watoto wetu shuleni bila malipo kilipitishwa 2023 kwenye jengo la Bunge la jimbo, lile lenye farasi wa dhahabu juu ya paa. Kamati za elimu hupokea ushahidi wa mzazi wa kawaida. Unapewa dakika mbili hivi, nazo zinatosha ukijiandaa. Ila nenda mapema. Bunge linafunga takribani tarehe 20 Mei na kamati hufunga milango wiki nyingi kabla. Wazo la Aprili ni wazo la mwaka ujao.

Huhitaji kuwa raia ili usaidiwe. Unaishi katika wilaya yake, inatosha. Lakini, na hapa naomba mnisikilize kuliko pote, kusaidiwa na kupiga kura ni vitu viwili. Kwenye mikutano hii ya shule na jamii hupita vijana wachangamfu wenye ubao wa kuandikia: "Tia sahihi hapa, tuiunge mkono shule!" Soma karatasi. Mara nyingine ni fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Mwenye grini kadi akijiandikisha, hata kwa kutojua, swali hilo atalikuta kwenye fomu ya kuomba uraia, na linaweza kumfungia mlango au kumrudisha nyumbani. Binamu yangu alikuwa ameshaandika jina na mtaa nilipomnyang'anya kalamu. Alininunia siku nzima. Soma karatasi kabla ya sahihi, hata anayekupa awe na tabasamu la malaika.

Na usimpelekee mbunge zawadi. Najua mkono mtupu haulambwi, lakini huku kuna sheria kali za zawadi, unaweza kumtia mtu wa watu mashakani kwa kitenge. Andika kadi ya shukrani.

Kabla ya kukata simu, yule mama aliniuliza kama kijana anaandika Kiswahili vizuri. Nikadhani ananipa pole. Kumbe sheria ya 2014, inayoitwa LEAPS, ilileta muhuri wa lugha mbili kwa wanaomaliza sekondari. Mtoto anafanya mtihani wa lugha ya nyumbani, na muhuri huo unabadilishwa kuwa krediti, yaani masomo ya lugha yanayohesabiwa umeshayasoma, kwenye vyuo vya mfumo wa Minnesota State: mihula mitatu kwa muhuri wa dhahabu, minne kwa wa platini. Kuzidai ni ndani ya miaka mitatu baada ya kumaliza shule, zikipita zimepita. Ile Kiswahili niliyoiandika kwenye fomu na kujuta ina thamani ya ada. Muulizeni mshauri wa shule sasa, msingoje mwaka wa mwisho, na msingoje barua. Au ngojeni barua, lakini muifungue.

Tatizo ni kwamba Kiswahili cha kijana ni Sheng. Kuongea anaongea, kuandika ni kilio. Kwa hiyo Jumapili usiku tunakaa mezani jikoni, namtungia vichwa vya insha. Juzi aliinua kalamu akauliza, "Baba, chumvi ni ngeli gani?" Nikajaribu kichwani, chumvi imemwagika, chumvi zimemwagika, nikaona nitamharibia. Nikampigia dada yangu, mwalimu, kule Kisii ni saa kumi na moja alfajiri. Alipokea akidhani kuna msiba.